Tairi Kabla ya Rimu

Gari langu ni Toyota Altezza RS200, lile lenye injini ya 3S-GE ya silinda nne na giaboksi ya mkono ya gia sita. Toyota iliyatengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, na mengi yamekuja kuishia hapa Dar es Salaam yakiwa mitumba. Langu halikai chini ya turubai. Asubuhi linatoka Tegeta kwenda mjini, jioni linarudi, na mwisho wa wiki linabeba mke wangu, binti yetu na mara nyingi mama yangu mzazi. Naandika kwa ajili ya mwenzangu mwenye gari la namna hii, anayelipenda kama ninavyolipenda mimi, na ambaye huenda leo yuko pale nilipokuwa.

Lilinifikia na rimu zake za kiwandani: inchi 17, upana inchi 7, tairi 215/45R17. Hazikuwa na kasoro yoyote. Lakini kila Altezza niliyopishana nayo niliitazama miguuni kwanza, na nikaona nyingi zimevaa 18 au 19, zimejaa hadi ukingo wa fenda. Nikaanza kuona aibu kuegesha langu mbele ya watu. Leo nasema wazi kwamba sikuwa na hitaji lolote la gari; nilikuwa na hitaji la kutazamwa.

Nikaenda Ilala kwenye maduka ya rimu na kuchagua kwa macho. Muuzaji aliuliza swali moja tu, nati ngapi. Nati tano, kipimo 114.3. Basi zinaingia. Zilikuwa inchi 19, upana 8.5, ofseti 35, sura imeigwa kutoka kwa rimu maarufu ya Kijapani. Pesa ikaishia hapo, kwa hiyo tairi nikachukua za mtumba, 215/35R19, kwa kuwa mifereji yake ilikuwa bado mirefu. Zile za kiwandani nikaziuza palepale ili nipunguze deni.

Nilizipeleka kufungwa kwa mzee mmoja fundi tairi, Mwenge. Nilimwamkia, akaitikia, akainama, akazungusha rimu moja taratibu, akapitisha kidole kwenye ubavu wa tairi. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, gari hili linabeba nani?"

Nikamjibu, "Naliendesha mwenyewe tu, mzee."

Haikuwa kweli, na nadhani alijua. Akazifunga.

Siku za mwanzo nilifurahi sana. Vijana walipiga picha. Halafu usukani ukaanza kutetemeka kila mshale ulipofika 90. Nikabalansi tairi, nikabalansi tena kwa fundi mwingine, mtetemo haukuondoka. Mama au mke wangu akikaa nyuma, tairi lilisugua fenda kwenye kila tuta. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikampa kazi fundi bodi akakunja kingo za fenda kwa ndani. Shimo dogo ambalo zamani nililivuka bila kuliona sasa lilipiga hadi uti wa mgongo. Tairi moja likatoa nundu ubavuni. Nikanunua jingine la mtumba na kuendelea.

Jambo lililopaswa kuniamsha lilikuwa mama. Alianza kusema atapanda daladala, hataki kunisumbua. Nilijua kiuno chake kinamuuma kila anapotoka ndani ya gari langu. Nilijua, na nilinyamaza. Hilo ndilo zito kuliko yote ninayoandika hapa.

Masika yakaja. Jioni moja nilikuwa narudi na binti yangu kwa Barabara ya Bagamoyo, mvua kubwa, maji yakitembea juu ya lami. Maeneo ya Tangi Bovu bodaboda iliyokuwa na abiria ikafunga breki mbele yangu. Nikakanyaga. Sikuwa na mwendo mkubwa. Pedali ikaanza kudunda chini ya mguu, ABS inafanya kazi yake, lakini gari liliendelea kuteleza kana kwamba sijagusa kitu. ABS huzuia magurudumu yasijifunge. Haiwezi kuzalisha mshiko ambao tairi halina. Nikakata kushoto, nikaikosa ile pikipiki kwa nafasi ndogo mno, gurudumu la mbele likaangukia kwenye ukingo wa lami uliomegeka, na gari likasimama limeinamia upande.

Hakuna aliyeumia. Yule dereva wa bodaboda hakujua hata kilichokuwa nyuma yake. Aliondoka na abiria wake. Nimefikiria mara nyingi kwamba sikustahili jioni ile iishe vile. Namshukuru Mungu, na sina maelezo mengine ya kuongeza.

Rimu ilikuwa na ufa kwa ndani na upepo wote umetoka. Tairi la akiba halikuwepo, nililitoa ili kupunguza uzito. Nilimpigia mzee wa Mwenge kwa sababu sikuwa na fundi mwingine anayekijua kipimo cha nati zangu. Alikuja kwenye mvua juu ya bodaboda, ameshika jeki na rimu ya kuazima ya inchi 16 yenye tairi lake. Hakuuliza nilikuwa na mwendo gani. Hakunikumbusha swali lake. Aliijaribisha kwanza kuona kama inapita kwenye kalipa ya breki bila kugusa, akafunga nati, akaniambia niende taratibu na nije kesho. Nilipotoa pesa alinitaka nimlipe nauli ya bodaboda tu.

Kesho yake nilikaa kibandani kwake hadi jua likazama, na hapo ndipo nilipoanza kuona. Alimulika ubavu wa tairi langu kwa tochi akanionyesha herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 0811. Wiki ya nane ya mwaka 2011. Mifereji mirefu niliyoisifia ilikuwa ya mpira uliozeeka, mgumu, wenye nyufa ndogondogo kwenye mizizi ya kashata. Mpira ukikauka haushiki lami iliyolowa, hata kama mifereji ingali mirefu.

Akanionyesha na mtetemo ulikotoka. Tundu la katikati la zile rimu lilikuwa milimita 73.1, habu ya Altezza ni 60.1. Rimu haikukalia habu. Ilining'inia kwenye nati peke yake, haikuweza kukaa katikati sawasawa. Kulikuwa na pete za plastiki au alumini za kuziba nafasi hiyo, bei yake ndogo, na hakuna aliyenitajia kwa sababu sikumuuliza yeyote.

Ofseti nilijifunza kwa kalamu na karatasi. Ukilinganisha na rimu ya kiwandani ya upana 7 na ofseti 50, ile yangu ilitoka nje zaidi kwa milimita 34. Ndiyo maana ilisugua, na ndiyo maana usukani ulivutwa na kila mfereji wa barabarani. Ubavu wa tairi ulikuwa milimita 75 badala ya 97. Zile milimita 22 nilizozitupa ndizo zilizokuwa zikibeba kiuno cha mama yangu. Hata uwezo wa kubeba ulishuka: tairi langu liliandikwa 85, maana yake kilo 515, wakati tairi la kiwandani la 87 hubeba kilo 545. Na mimi niliongeza abiria juu yake.

Kila tairi hugusa barabara kwa eneo dogo, karibu sawa na kiganja cha mtu. Viganja vinne ndivyo vinavyolisimamisha gari lote na waliomo. Nilitumia karibu pesa zote kwenye kinachotazamwa, na kwenye kinachogusa lami nikapeleka masalia.

Sikubadilika siku ile. Ningependa kuandika hivyo, lakini haikuwa hivyo. Kwa muda mrefu nilitafuta njia ya kati: labda 18, labda 19 mpya, labda kuchomelea ile yenye ufa. Mafundi wa kuchomelea wapo wengi na wanafanya kazi nzuri kwa macho. Mzee alinieleza kwamba joto la kuchomelea hudhoofisha alumini pembeni ya kovu, na kwamba yeye hafungi rimu ya namna hiyo kwenye gari la mtu mwenye watoto. Wakati huo nilikuwa naendesha kwa rimu nne kuukuu za inchi 16 alizoniazima, tairi zake 205/55R16, na kijiweni waliniuliza kama nimefilisika. Iliniuma. Lakini mama alipanda gari, akashuka, na hakushika kiuno.

Nilipoanza kununua tena, nilianza na tairi. Niliamua ukubwa ubaki ule ulio kwenye kibandiko cha mlango, 215/45R17, ili spidomita iseme kweli na ABS isome mzunguko inaoufahamu. Nikatafuta jipya, tarehe ya mwaka uleule, lenye alama 91W: kilo 615, na kasi hadi kilomita 270 kwa saa ambayo sitaifikia kamwe. Alama ya mshiko kwenye maji ilikuwa A. Namba ya kudumu kwake ilikuwa ya wastani; kwa gari la kila siku sikutaka tairi laini linaloisha upesi, wala gumu linaloishi miaka mingi na kuteleza kila masika. Pesa ya tairi nne mpya ilizidi ile niliyolipia rimu za 19. Nililipa kwa awamu, na mwenye duka alinivumilia.

Rimu zikafuata. Nilipata za mtumba kutoka Japani, inchi 17, upana 7.5, ofseti 45. Kwa nje zinatoka milimita 11 hivi, kwa ndani zinaingia kama 1 tu. Hazigusi fenda wala shokapu. Nilitafuta alama ya JWL, kiwango cha Japani cha rimu za alumini, na ya VIA ya wakaguzi wao. Najua alama zinaigwa, kwa hiyo tulizipima uzito na kuzizungusha kwenye mashine kabla sijalipa. Tulifunga pete za katikati. Nati alizikaza kwa mfuatano wa nyota, kwa spana ya kipimo, nyutoni mita 103, akaniagiza nirudi baada ya siku chache akazikaze upya. Upepo sasa naupima asubuhi kabla tairi halijapata joto.

Ni gari zuri mno kuliendesha. Sikujua. Gari lilelile, injini ileile, na kwa mara ya kwanza niliuhisi usukani ukiniambia lami ikoje.

Rimu za 19 zimebaki tatu, ziko stoo. Ile yenye ufa niliikata kwa msumeno nikaiuza kama chuma chakavu ili isije ikachomelewa na kurudi barabarani. Hivi karibuni kijana mmoja wa mtaani kwetu, ana Altezza pia, alikuja kuzitaka. Alisema ya nne ataitafuta mwenyewe. Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa, pamoja na habari ya mama. Nikampeleka Mwenge. Mzee akainama, akamulika tairi zake, akamuuliza gari linabeba nani, na kijana akataja mdogo wake anayempeleka shule. Bado hajaamua. Namba yangu anayo, na nimemwambia siku akienda dukani anichukue.