Siuzi Upepo

Mwezi uliopita tulimzika mwenzangu wa biashara. Kwa zaidi ya miaka 30 tulikaanga mahamri mtaa mmoja, Kibokoni, Mombasa, na miaka yote hiyo tulibishana jambo moja tu. Mimi nami karai nimelifunika, kwa kuwa kifundo cha mkono hakikubali tena kusukuma. Kabla sijasahau, niseme langu.

Utoto wangu si mrefu kuusimulia. Nilizaliwa Mji wa Kale, nikasoma chuo na skuli, nikaozwa, nikafiwa na mume watoto wangali wadogo. Mama mkubwa akanichukua jikoni kwake. Hakunifariji kwa maneno. Alinipa mbuzi na nazi mbili, akaniambia nikune.

Kwake nilijua kuwa hamri huanzia kwenye nazi. Kwa kilo 1 ya unga tulikuna nazi 2, tukakamua tui zito, tukalipasha likawa vuguvugu tu. Tui la moto huua hamira, na hamira ikifa, unga hauumuki. Sukari robo kilo, hamira kijiko kimoja cha chai, na iliki tukaiponda wenyewe kinuni, maana iliyonunuliwa imeshasagwa huwa harufu yake imebaki dukani. Tulikanda baada ya Isha mpaka unga ukaacha kushika mikono, tukaufunika. Adhana ya alfajiri kutoka Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, ilitukuta tukikata matonge.

Hapa ndipo penye ugomvi. Mama mkubwa alitupia kwanza kibonge kidogo cha unga katika mafuta: kikizama kisha kikaibuka papo hapo, moto umefika. Ndipo akasukuma tonge, akalikata vipande vinne, akavitia karaini bila kuvilaza. Kipande kilipoibuka alikimwagia mafuta mgongoni kwa upawa, kikafura chote. Ngozi za juu na chini hushikwa na moto mwanzo, maji ya ndani yakawa mvuke, mvuke ukazitenganisha, ukabaki uwazi.

Mwenzangu alikata vipande vyote usiku, akavipanga siniani chini ya kitambaa, vikaumuka tena hadi asubuhi. Mahamri yake yalijaa ndani kama mkate. Wateja wakingoja barazani, aliwaambia kuwa mimi nauza upepo.

Neno lile liliniuma, kwa sababu lilinifanya mwizi. Nilitia tonge langu na lake katika mizani: uzito ni mmoja. Mama mkubwa aliponiona nalia alisema, “Mwanangu, hamri si mkate. Uwazi ule ni chumba cha mbaazi.” Na ndivyo ilivyo. Mtu wa Mombasa hupasua hamri, akatia mbaazi za nazi ndani, rojo likatulia humo. Lililojaa halina pa kutia kitu. Huchovywa tu, likanyonya rojo, likalegea mkononi.

Haki yake nampa: ya kwake yalikaa laini hata jioni. Yangu yalitaka kuliwa yangali na moto.

Nanyi wasichana mnaoanza sasa, nisikilizeni. Mnatia hamira vijiko vitatu ili unga uumuke kwa nusu saa, kisha mnashangaa mbona hamri lanuka hamira na iliki haisikiki. Unga haukimbizwi. Mafuta yakishageuka meusi, yamwageni, wala msiniambie faida itapungua. Anayekula asubuhi ile ni mtoto wa mtu anayekwenda skuli. Na tui likamueni. Nazi zingali Marikiti, na mikono Mungu amewapa.

Siku ya hitima ya mwenzangu niliombwa nikaange. Usiku wa kuamkia siku hiyo binti yake aliniuliza kwa adabu, “Mama, tukate sasa kama alivyokuwa akikata marehemu?” Nilinyamaza. Kisha nikamwambia akate sinia moja kwa njia ya mamake, nami la pili nitalikata alfajiri.

Ya mamake yaliliwa jioni, yakiwa bado laini. Yangu yaliisha kabla chai haijapoa.