Mistari Isiyokutana

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nimeiandika katika insha zangu tangu darasa la tano, na mara nyingi mwalimu ameitia alama ya vema. Lakini kuiandika methali si kuionja. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nitegeeni sikio niwasimulie jinsi nilivyoionja likizo ya Agosti, kwa sababu ya gauni la tartani.

Mama yangu ni fundi wa cherehani. Kibanda chake kiko kando ya soko, baina ya muuza viatu na muuza mboga. Mimi humsaidia kutia vifungo, kupiga pasi na kushona pindo. Kukata sikuwa nimeruhusiwa. Mama husema, "Mshono hufumuliwa, lakini mkasi haurudi nyuma." Nami moyoni nilikuwa nikijiuliza, kwani kukata nguo kuna ugumu gani? Si kazi ya hesabu wala ya Fizikia.

Jumatatu moja alikuja mwalimu mstaafu aliyemfundisha mama katika shule ya msingi. Alileta mita nne za kitambaa cha sufu, chekundu, chenye miraba ya kijani na nyeusi na mstari mwembamba wa manjano.

"Eh, Mwalimu, hiyo si shuka ya Kimaasai?" muuza viatu akadakia.

"Hii ni tartani," Mwalimu akajibu huku akicheka. "Binti yangu ni muuguzi huko Glasgow, Uskoti. Ndiye aliyenitumia. Harusi yake ni Jumamosi ya wiki ijayo, hapa hapa nyumbani. Fundi, nataka gauni refu la kufika chini. Mama wa bibi harusi asionekane kama amepita tu kutoka sokoni."

Walipatana shilingi 3,000. Mwalimu akaacha arubuni ya 1,500. Salio lilikuwa limeshapangiwa kazi: pesa zangu za chakula cha mchana shuleni muhula wa tatu.

Siku ya Jumatano habari zilikuja kwamba nyanya ni mgonjwa. Mama alifunga safari siku hiyo hiyo. Vipimo vya Mwalimu alikuwa ameviandika daftarini, na umbo la sketi ameshalichora kwenye gazeti. Akiwa mlangoni aliniambia, "Kile kitambaa usikiguse mpaka nirudi." Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Alhamisi hakurudi. Ijumaa hakurudi. Jumamosi nikaona siku zinayoyoma, nami nikataka akirudi akute kazi imekwisha anisifu. Nilikikunja kitambaa mara mbili kwa urefu, nikaweka gazeti juu, nikachora kwa chaki na kukata. Kru, kru, kru! Kwa dakika chache tu nilikuwa na vipande vinne vya sketi. Nilijiona fundi kamili.

Nilipoviweka vipande viwili vya mbele ubavu kwa ubavu, nilipigwa na butwaa. Mstari wa manjano uliotoka kulia ulifika katikati ukakosa mwenzake. Wa kushoto ulikuwa chini kwa vidole viwili. Kumbe nilipokikunja kitambaa, upande wa chini ulikuwa umeteleza, nami sikuutia pini. Kwenye kitambaa cha rangi moja hakuna ambaye angejua. Kwenye tartani, hata kipofu wa rangi angeona.

Nilifanya nini? Nilivikunja vipande vizuri, nikavifunika kwa bitana, nikafunga kibanda.

Mama alirudi Jumapili jioni, macho mekundu kwa uchovu. "Nimekata lile gauni," nikamwambia. "Liko sawa." Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, kwa kuwa umekata, tushone." Aliwasha taa, akaketi kwenye cherehani. Mimi nilikaa kando nikipitisha uzi kwenye sindano, na kila cherehani ilipolia moyo wangu ulidunda. Alipoumaliza mshono wa katikati alikifungua kitambaa mapajani. Kimya. Nilisikia mbwa wakibweka mtaa wa pili.

"Umeiona hii?"

"Ndiyo, mama."

"Uliiona lini?"

"Jana."

Hakunipiga wala hakunikemea. Alizima taa. Tukiwa njiani kwenda nyumbani ndipo aliposema, "Kukosea, kila fundi amekosea. Lakini umeniacha nishone kosa unalolijua, na macho yangu yamechoka hivi." Wallahi, afadhali angenichapa. Usiku ule machozi yalinitiririka njia mbili mbili mpaka mto ukalowa.

Kulipokucha nilimwomba mjomba simu yake nitafute kama kuna namna nyingine ya kushona gauni la tartani. Niliyoyasoma yalinifumbua macho.

Kwanza, ile hesabu niliyoidharau imo ndani ya kitambaa chenyewe. Mfumaji wa tartani huhesabu nyuzi: nyekundu kadhaa, kijani kadhaa, manjano kadhaa, na mpangilio huo huo huwekwa kwenye mtande na kwenye mshindio. Hivyo ndivyo miraba inavyozaliwa. Siku hizi Uskoti ina daftari rasmi la serikali la kuandikisha tartani, lililofunguliwa mwaka wa 2009. Basi nilipoachanisha mistari nilikuwa nimekatiza hesabu ya mtu.

Pili, kitambaa hiki kina historia. Baada ya vita vya Culloden mwaka wa 1746, ambapo jeshi la serikali ya Uingereza liliwashinda waasi waliomuunga mkono mwana wa ukoo wa Stuart, Bunge lilipitisha sheria ya kukataza mavazi ya watu wa milimani. Mwanamume au mvulana aliyekamatwa nayo, ila akiwa askari wa mfalme, alifungwa miezi sita. Akirudia, alipelekwa ng'ambo miaka saba. Lakini sheria hiyo ilitaja wanaume na wavulana tu. Wanawake hawakutajwa. Ilifutwa mwaka wa 1782. Miaka mitatu baadaye, Januari 1785, bibi harusi mmoja aitwaye Isabella MacTavish Fraser aliolewa akiwa amevaa gauni la tartani nyekundu. Gauni hilo lilitunzwa, na katika siku zetu limeonyeshwa katika jumba la makumbusho la Inverness. Hebu fikirini, gauni la mtu mmoja kudumu zaidi ya miaka 200! Hata mwaka wa 2006 mbunifu Alexander McQueen, ambaye ukoo wa babake una asili ya Uskoti, aliposhona magauni ya tartani aliyaita ya wajane wa Culloden.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nitoke mbio kwenda sokoni: katika dansi rasmi za Uskoti, si lazima mwanamke avae tartani mwili mzima. Wengi huvaa gauni refu la rangi moja, aghalabu jeupe, kisha mshipi mpana wa tartani hupitishwa begani na kubanwa kwa bizimu.

Nilimkuta mama ameufumua mshono. Nikamwonyesha picha, sauti ikitetemeka. Aliitazama sana. Kisha akavitandaza vile vipande vinne mezani.

"Angalia," akasema. "Vya kulia, cha mbele na cha nyuma, vinalingana. Vya kushoto pia vinalingana. Kwa hivyo mbavuni hakuna shida. Shida ni katikati ya mbele na katikati ya mgongo." Alichomoa kitambaa cheusi kutoka rafuni. "Tukiweka nyeusi hapa katikati, kuanzia shingoni mpaka chini, mistari haitakuwa na pa kukutana. Hata kifua tutashona cha nyeusi. Na mita iliyobaki ndiyo huo mshipi wako wa begani."

Lakini kabla hajashika mkasi alinitazama. "Nguo ni ya mwenyewe. Nenda ukamwambie."

Safari ya kwenda kwa Mwalimu ni ya dakika ishirini. Siku hiyo niliitembea kama mtu anayekwenda kunyongwa. Nilimkuta akichambua mchele. Nilimwambia yote bila kuficha, hata ule uongo wa "liko sawa". Alinyamaza akiendelea kuchambua. Mwishowe akauliza, "Mama yako ndiye aliyekutuma kusema, ama umekuja mwenyewe?"

"Amenituma, Mwalimu."

"Vizuri. Angalau hujaniongopea mimi. Mwambie ashone hivyo mlivyopanga. Lakini nimekasirika, na hilo pia umwambie."

Tulishona usiku tatu mfululizo. Jumamosi nilisimama nyuma ya kanisa nikamwona Mwalimu akiingia: katikati nyeusi, mbavuni tartani ikiteremka mpaka chini, mshipi umelala begani. Mama mmoja alinong'ona, "Hiyo ni mitindo ya ng'ambo." Mimi nilitazama katikati ya mgongo tu.

Mwalimu alipotaka kulipa salio mama alikataa kulipokea. Pesa zangu za chakula zilipungua hivyo, na wiki za kwanza za muhula nilibeba viazi vitamu kutoka nyumbani. Wale mliokuwa mkiniuliza kwa nini sipangi foleni ya githeri, leo mmejua.

Jambo la mwisho. Mnajua sketi zetu za shule, hizi za mirabamiraba? Nimezivaa miaka mitatu bila kuzitazama. Wiki iliyopita niliitandaza yangu kitandani. Ubavuni mistari haikutani, imeachana kwa kidole kizima. Niliifumua, nikaitia pini mstari kwa mstari, nikaishona upya. Mama aliipindua, akaipitisha mkono, akanirudishia bila neno. Kesho yake asubuhi aliniachia mkasi mezani, na kitambaa cha mto nikate.