Tangu Majimoto Warudi Minazini

Kwetu ni Msambweni, lakini riziki yangu iko Diani, kwenye bustani za nyumba za wageni. Walionifundisha kazi hii walikuwa na desturi yao: nyasi zikatwe mpaka chini kabisa, chini ya minazi pafagiwe udongo mtupu uonekane, na kila mwanzo wa mwezi bomba la dawa lipite kiwanja kizima, kuna mdudu au hakuna. Wenye nyumba walilipia hayo, na bustani iliyofanyiwa hayo ndiyo iliyoitwa safi. Sasa sifanyi hata moja katika hayo matatu. Nataka kueleza kilichonibadilisha, maana bustani nyingi kutoka Tiwi hadi Galu bado zinatunzwa vilevile, na inaniuma ninapopita.

Kilichonibadilisha ni vidaka. Katika kiwanja kimoja cha Galu minazi ilitoa upunga mzuri, vidaka vikatokea, kisha vikapukutika kabla ya kufika kitale. Asubuhi nilivizoa kwa karai. Ukikiokota kimoja ukakitazama karibu na kikonyo, ulikuta doa jeusi lililobonyea, na mara nyingine utomvu ulioganda juu yake. Tukaongeza dawa, na vidaka vikazidi kuanguka.

Mkwezi mmoja mzee wa Kinondo ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa amekuja kuangua madafu. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha karai. Hakulitazama sana, aliinua uso akaangalia makuti.

"Mwanangu, majimoto wa minazi hii wako wapi?"

"Tumewamaliza, mzee. Wanauma wageni, na nyinyi wakwezi mnawalalamikia."

"Tunawalalamikia, ndiyo. Lakini mnazi wenye majimoto hauniachi nirudi mikono mitupu."

Majimoto ni wale sisimizi wekundu wa mitini wanaojenga kwa kuunganisha majani mabichi. Nimekaa chini ya mwembe nikawatazama: safu moja inauma ukingo wa jani hili, miguu imeshika ukingo wa jani la pili, wanavutana mpaka kingo zikutane. Kisha mwingine anakuja na mtoto mdomoni, buu jeupe linalotoa uzi, anampeleka huku na huku kama sindano ya cherehani mpaka majani yashikane. Waliokomaa hawana uzi; nyumba nzima inashonwa kwa uzi wa watoto.

Kumbe jambo lile la mzee limeandikwa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza, M. J. Way, alichunguza minazi ya Unguja iliyokuwa ikipukutisha vidaka. Mhusika alikuwa mdudu anayefyonza maua na vidaka vichanga, na mwaka 1955 alipewa jina la kisayansi Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtafiti huyo. Wadudu wachache tu wanatosha kuharibu mazao ya mnazi mmoja. Majimoto wakiutawala mti, mdudu huyo hapati nafasi. Wakulima wa machungwa kusini mwa China walikuwa wakinunua viota vya jamaa za majimoto sokoni zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Sisi huku tulikuwa nao bure, tukatoa pesa kununua cha kuwaua.

Nyasi nazo zinaingia hapa. Majimoto wana adui: sisimizi wadogo wa kahawia wanaokaa ardhini kwenye shina la mti, ambao askari wao wana vichwa vikubwa visivyolingana na miili. Hao wakipanda juu, majimoto wanafukuzwa. Watafiti waliofanya kazi kwenye mashamba ya machungwa Tanzania waliona kwamba pale majani ya chini yalipoondolewa yote, wale wadogo waliiteka miti. Majani yalipoachwa, majimoto walidumu. Nilipolisikia hilo nilikumbuka fagio langu. Kiwanja kitupu kilichosifiwa kwa usafi ndicho kilichokuwa kikimpa adui ngazi.

Basi nikaacha kufagia. Chini ya minazi nikapanda nyasi za Pemba, zile za jani pana zinazovumilia kivuli na chumvi ya pwani, na nikainua kisu cha mashine: nyasi zinabaki na urefu wa kidole cha kati. Mwenye nyumba aliyezoea bustani za Ulaya aliona ni uvivu. Nilimwomba anipe mpaka msimu wa vuli. Leo ndiye anayewaonyesha wageni viota.

Majimoto wanauma, sitaficha. Kwa hiyo napogoa kila tawi linalogusa viti au njia ya wapitao, na nafunga kamba kutoka mwembe hadi mnazi ili wasafiri juu kwa juu wasishuke tunapokaa. Mkwezi anakuja alfajiri wakiwa bado wazito kwa baridi, anajipaka majivu mikononi na miguuni. Tena wanafuga wadudu wadogo weupe kwenye mihibiskasi, wanalamba utamu wao, na ua likinyonywa sana linakunjamana. Hapo natwanga kokwa za mkilifi, ambao wengine wanauita mwarobaini, nazilaza ndani ya maji usiku kucha, nachuja, nanyunyiza jioni kwenye kichaka hicho tu. Jioni, kwa sababu jua linamaliza nguvu ya dawa hiyo.

Jambo jingine lililonitia hofu na zile dawa ni ardhi yetu yenyewe. Chimba Diani shibiri mbili, unagonga mwamba wa matumbawe. Mwamba huo umejaa matundu. Kinachomwagwa juu ya nyasi hakina udongo wa kukizuia. Mvua moja ya mwaka inakipeleka kisimani, na kutoka hapo bahari haiko mbali. Tunaoga maji ya visima hivyo.

Kila majira yana wageni wake, na nimejifunza kuwapokea mmoja mmoja. Kaskazi ikikausha, mchwa hufuata nyasi zilizokufa, kwa hiyo zikiwa ndefu na mizizi yake imeshuka, hawapati cha kula. Mvua za mwaka zikianza mwezi wa nne hutoka jongoo, wale weusi wenye miguu myekundu, na watu wengi wanawamwagia dawa. Jongoo hali nyasi mbichi. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, mivinje ilishika lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Aliwaleta jongoo hao hao. Wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo ambao miti mingine iliota juu yake. Mwamba uliochimbwa mpaka ukabaki mtupu ni msitu sasa. Mtu akiniambia niue jongoo, namwambia aende Bamburi akatazame kwanza.

Konokono wakubwa nawaokota usiku kwa tochi. Mbu ndio nisiowaonea huruma: baada ya kila mvua nazunguka kupindua vifuu, mikebe na sahani za vyungu, kwa sababu mbu wa dengi, ugonjwa ulioisumbua Mombasa mwaka 2013 na 2014, anazaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama karibu na nyumba na anauma mchana. Kazi hiyo haihitaji dawa, inahitaji miguu.

Vidaka bado vinaanguka vichache, kama mnazi wowote unavyojipunguzia mzigo. Vingine vinafika dafu, na vinavyoachwa vinafika nazi.

Anayetaka kuanza Diani au Msambweni, viota vipo. Chukua tawi zima usiku au alfajiri, ulitie ndani ya gunia, ulifunge. Chukua viota vyote kutoka mti mmoja au miti iliyoungana, maana koo mbili zikikutana zitapigana mpaka zimalizane, na bila malkia jamii hiyo haidumu. Vifunge kwenye mnazi wako mapema asubuhi. Kabla ya hayo yote, acha nyasi ziote kwenye shina.