Kwa Mpwa Mwalimu, Kuhusu Somo la Kubalehe

Kubalehe huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa msichana, na kati ya 9 na 14 kwa mvulana. Kwa hiyo darasa la tano au la sita lina watoto waliokwishaanza na wengine ambao bado, na somo linawahusu wote. Habari zilizofika Muheza ni kwamba mpwa, mwalimu wa Sayansi mwaka wake wa kwanza kazini, sura hiyo ikifika huwakabidhi wasichana kwa matroni na wavulana huwatoa nje wakacheze mpira. Hilo la mpira ndilo lililoleta barua.

Msichana aliyevunja ungo huenda asipate hedhi kwa mpangilio miaka ya mwanzo; siku 21 hadi 45 kutoka hedhi moja hadi nyingine si ugonjwa. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6. Kitambaa hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, si kufichwa chini ya godoro. Yai huweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana, hivyo hata asiyewahi kuona siku zake anaweza kushika mimba. Wavulana nao wayasikie haya, maana anayejua hedhi ni nini hacheki sketi iliyochafuka.

Kwa mvulana, korodani hutangulia kukua, baadaye sauti hukwaruza, na shahawa huweza kutoka usingizini. Hili la mwisho lisipoelezwa hutisha. Katika shule moja ya msingi ya bweni, mvulana wa darasa la saba aliamka shuka limelowa. Vijiweni alikuwa amesikia habari za kisonono. Akalifua shuka usiku, kisha akaenda dukani akauziwa vidonge vya rangi mbili bila kuulizwa lolote. Vilipokwisha, shuka likalowa tena. Akaamini ugonjwa umekuwa sugu, akatoroka. Alikutwa kwa babu yake, amekonda, hataki kula. Mganga wa zahanati alimweleza kwa dakika chache tu kwamba haumwi. Sura ya kubalehe ilipofundishwa, yeye na wenzake walikuwa uwanjani. Shangazi anayeandika barua hii alifundisha shule hiyo na alikuwa ameomba kipindi kwa ajili ya wavulana. Mwalimu mkuu wa wakati huo akajibu kwamba hayo watayajua wakikua. Jibu hilo linauma hadi leo.

Watakaojitetea kwa mila waikumbuke mila yote. Wasichana walikuwa na unyago, wavulana wakawa na jando, na kila upande ulikuwa na mafunzo yake na watu wazima wa kuyatoa. Bibi mzaa baba alikuwa kungwi aliyefuatwa kutoka vijiji vya mbali, na hakuna aliyemsikia akisema wavulana hawahitaji kufundwa. Mwalimu anayeona haya kuwachanganya na awatenganishe, mradi kila kundi lipate kipindi kamili na mtu wa kuuliza.

Wazazi waitwe kikaoni kabla ya somo, waonyeshwe kitabu chenyewe. Viungo vya mwili vitajwe kwa majina yake. Maswali ya kuandikwa kwenye karatasi bila jina huleta mengi kuliko mikono inayonyooshwa.

Kuhusu mahusiano, watoto waambiwe mapema kwamba chipsi, vocha na lifti ya bodaboda si deni la kulipwa kwa mwili. Sheria ya Elimu ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa 2016, inampa anayemtia mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, asifichwe hilo.

Mwisho ni ukatili. Mvulana pia hulawitiwa, naye hawezi kusema alilofanyiwa ikiwa hakupewa maneno ya kulisemea. Anayetoa taarifa huaminiwa kwanza. Namba 116 hupigwa bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kabla ya kuoga na kabla ya nguo kufuliwa, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72.

Shangazi, Muheza