Fundi, hapa siyo Dar

Basi bwana, Jumamosi nimeamkia gereji. Mjomba wangu, dereva wa teksi, aliniita Butimba sauti ikiwa imemkauka. Corolla yake ilikuwa inakosa nguvu ikipanda kilima cha Bugando, na fundi kamwambia injini imechoka: ishushwe, ibadilishwe ringi. Hela pekee iliyokuwepo ni ada ya shule ya binti yake.

"Mwanangu, wewe kazi yako kuuliza maswali. Hebu muulize huyu."

Ushahidi wa fundi ulikuwa geji ya vakyumu. Kwa wasioijua, ni kidude cha mviringo chenye mshale na mpira mrefu. Mpira unachomekwa kwenye manifoldi, pale hewa inapoingilia kwenda kwenye pistoni. Pistoni zikishuka zinavuta hewa kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Gari likiwa sailensa, njia ya hewa inakuwa karibu imezibwa, kwa hiyo mvuto ndani unakuwa mkubwa. Geji inapima tofauti ya hewa ya nje na ya ndani, kwa inchi za zebaki. Ringi zikichakaa, mvuto unapungua.

Mshale wa Corolla ulitulia kwenye 15. Rangi ya kijani inaanzia 17 hadi 21.

"Unaona mwenyewe, bosi," fundi akasema.

Kweli nikaona. Nusura nikubali. Ila sisi waandishi tumefundishwa kwamba chanzo kimoja hakitoshi. Pembeni kulikuwa na Noah iliyoletwa kubadilishiwa breki tu, injini yake haina shida. Nikaomba nayo ipimwe. 15! Tukapima na pikapu ya jirani. 15 na kidogo!

Jamani, gereji nzima imechoka siku moja?

Hapo ndipo akili ikanijia. Kijani kile kimepakwa kwa ajili ya gari lililo usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kila ukipanda mita 300 hivi geji inapungua karibu inchi moja. Yaani 15 ya Butimba ni kama 19 ya Dar es Salaam. Injini nzima kabisa!

Fundi hakubisha. Akakanyaga mafuta ghafla, akaachia. Mshale ukaanguka karibu na sifuri, ukaruka juu kupita 15, kisha ukarudi na kutulia. Ringi zilizokwisha haziruki hivyo. Na kama valvu ingekuwa imeungua, mshale ungekuwa unadondoka kwa mapigo, siyo kutulia.

Basi tukatafuta kwingine. Chujio la mafuta lilikuwa limeziba, jeusi kama masizi. Sailensa linapitisha mafuta ya kutosha, mlimani hayatoshi. Likawekwa jipya, mjomba akapanda Bugando bila kugeuka nyuma, na ada ikalipwa Jumatatu.

Fundi wetu siyo tapeli, wadau. Aliamini namba aliyoiona, kama mimi nilivyowahi kuandika takwimu bila kuuliza zimepimwa wapi. Tofauti ni kwamba yeye amesahihisha. Juzi nimepita nikakuta kabandika plasta kwenye kioo cha geji, kaandika kwa kalamu: "Mwanza 13–17".