Nairobi Ni Mbali Kiasi Gani?



Kwa mstari ulionyooka, kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni takribani kilomita 670. Ndege huruka kwa saa 1 na dakika 20 hivi, na siku mawingu yakiwa machache, abiria wa upande wa kushoto huuona Mlima Kilimanjaro. Basi hupita Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha na Namanga, kama kilomita 900. Ukiondoka alfajiri unafika usiku. Saa haibadiliki, maana nchi zote mbili zinafuata saa za Afrika Mashariki.

Nazijua hesabu hizi kwa sababu nilizitafuta mwaka jana, nikiwa likizo nyumbani Dar es Salaam. Dada yangu aliyeolewa Nairobi alikuwa amefiwa na mtoto wa miezi mitatu. Nilikaa sebuleni na simu, nikipima. Nauli ya ndege ilinishinda. Tena nikajiambia kwamba ndege yenyewe si saa moja: kuna foleni ya barabarani, kufika uwanjani saa 2 kabla, uhamiaji, kungoja mizigo. Na basi ni kukaa kutwa nzima, kisha kurudi vivyo hivyo, na seminari inafunguliwa wiki ijayo. Nikamwandikia: "Dada, tuko pamoja katika sala."

Mama hakupima chochote. Alikunja khanga mbili, akachukua hati yake ya kusafiria na, kwa magoti yake yale yanayomsumbua, akapanda basi la alfajiri.

Muhula uliofuata tulisoma jinsi Aristotle anavyoueleza wakati: ni kipimo cha mwendo, kwa kabla na baada. Niliandika insha, nikasifiwa. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Kama wakati ni kipimo cha mwendo, mimi nilikuwa nimepima nini pale sebuleni? Aliyekuwa na mwendo ni mama.

Nilikwenda miezi saba baadaye, kwa basi. Namanga, mpaka niliokuwa nimeuhofia, maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja. Unashuka mara moja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia, unaendelea. Kumbe nilikuwa nimeukuza mwenyewe.

Dada alinifungulia geti. "Karibu, Frateri," akasema. "Kwani Namanga imesogea?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Baada ya chakula alinionyesha soksi za mtoto, ndogo kama vidole vyangu viwili. Nikamwomba msamaha. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama ninahitaji blanketi jingine, maana Nairobi ni baridi.

Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani aliyepita kando hakuwa mbali na yule majeruhi. Alimwona. Labda alikuwa na sababu nzuri kama zangu, na labda alimwombea njia nzima. Mimi ninayejiandaa kuwa padre siwezi kuisoma tena sehemu ile haraka haraka.

Sala yangu kwa dada haikuwa ya uongo. Ila niliitumia kama nauli ya kubaki nyumbani. Leo nikisikia msiba, sianzi tena na kilomita. Naanza kwa kubisha hodi ofisini kwa gombera, kuomba ruhusa.