Taa Katika Kidaka: Safari ya Lamu na Chupa Kumi na Mbili

Mwaka huu tuliazimia kwamba zawadi za Idi ya Mfunguo Tatu hatutazinunua, bali tutazitengeneza kwa mikono yetu na kuzipeleka wenyewe kwa jamaa zetu wa Lamu. Tangu Ramadhani tulikuwa tukihifadhi chupa: saba za Vimto, ambazo nyumba nyingi za pwani hazikosi mwezi huo, na tatu za marashi ya mawaridi. Mbili zaidi tulipewa na jirani afanyaye kazi hotelini. Zilikuwa ndefu, za buluu iliyokoza, na tusifiche neno, hizo ndizo zilizotupendeza kuliko zote. Tukazifunga kwa khanga kuukuu, tukazitia kikapuni pamoja na nyuzi za vijitaa, na alfajiri tukapanda basi Mombasa.

Njia ni ndefu: Kilifi, Malindi, kisha nyika ya Garsen na daraja la Mto Tana, halafu Witu, hata Mokowe, mahali ambapo bara huishia na abiria hushuka kuingia botini. Vizuizi vya usalama si haba, na kwenye kimoja askari alikisikia kikapu chetu kikilia. Akauliza mna nini. Tukajibu, chupa tupu. Akaifunua khanga, akaitazama ile ya buluu kwa muda, akawatazama mama zetu katika mabuibui yao, akauliza, "Tupu kweli?" Tukacheka pamoja naye. Lakini swali lile lilipanda nasi basini, wala halikushuka.

Lamu haina nafasi ya magari katika vichochoro vyake, basi kikapu kilibebwa kwa mkokoteni kupitia Usita wa Mui, punda wakitupisha na mara nyingine sisi tukiwapisha wao. Nyumba ya Bibi ni ya mawe ya matumbawe, ya kizamani, yenye kuta nene kiasi cha mtu kuegemeza bega zima ndani ya dirisha. Katika chumba cha ndani kabisa ukuta umejaa zidaka, yaani vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu na kuzungushiwa nakshi. Wenye nyumba wa zamani waliweka humo sahani za Kichina na vyombo vya kioo. Kioo si kigeni kwa visiwa hivi: wanaakiolojia waliochimba magofu ya Manda na Shanga, ng'ambo na kaskazini ya Lamu, walikuta vipande vya vyombo vya kioo vilivyoletwa na majahazi kutoka nchi za Kiislamu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Zidaka za Bibi sasa zina saa mbovu, dawa za shinikizo la damu na picha ya harusi ya mama yetu.

Tulimbusu mkono, tukala, kisha tukafungua kikapu. Bibi akazishika chupa mojamoja. Za Vimto akazitambua. Za marashi akazinusa. Ya buluu akaigeuza, akaiweka chini mbali na mkeka.

"Chupa hini ilikuwa na nini?"

Hakuna aliyejibu upesi. Ami, aliyesoma sana, ndiye aliyetutetea. Alieleza kwamba chombo kikioshwa kikatakata hutumika, na kwamba kioo hakinywi kilichomo kama unywavyo mti au udongo. Alieleza vizuri, na dalili akazitaja. Bibi akamsikiliza hadi mwisho.

"Mimi sikukuuliza sheria, mwanangu," akasema. "Nimeuliza ilikuwa na nini."

Basi zikabaki kumi.

Kazi ya kusafisha haina siri, ila yataka subira. Chupa hulowekwa katika maji ya moto yenye sabuni usiku kucha, karatasi ikambandukia mwoshaji yenyewe. Gundi inayobaki hupakwa mafuta ya nazi, ikaachwa, kisha ikasuguliwa kwa kitambaa. Jambo ambalo watu hulipuuza ni kukausha. Chupa yapasa kusimama kichwa chini siku nzima au zaidi, kwani unyevu kidogo tu uliosalia ndani hugeuka ukungu juu ya kioo na hula waya wa vijitaa. Nakshi tulizichora kwa rangi za kioo, tukiiga maua na minyororo ya zidaka zenyewe, na tukaacha sehemu kubwa wazi ili mwanga upate pa kupitia. Shingoni tukafunga ukili ambao shangazi alisuka akiwa anazungumza, bila kuutazama hata mara moja.

Taa zenyewe tulizinunua zikiwa tayari ndani ya vizibo. Kila kizibo kina betri tatu ndogo mfano wa kifungo cha shati. Tuliziona nadhifu, kwa kuwa waya wote hukaa ndani na hakuna kinachoning'inia. Siku ya pili, mtoto wa binamu yetu, mwenye mwaka mmoja na nusu, alikinyakua kizibo kimoja na kukibamiza sakafuni. Kifuniko kikaruka. Tulipookota tukapata betri mbili.

Tuliitafuta ya tatu chini ya mikeka, ndani ya viatu, kinywani mwa mtoto. Yeye alikuwa akicheka. Binamu alikuwa tayari amemfunga mtoto mgongoni, anauliza hospitali, ndipo shangazi alipoikuta katika mkunjo wa mto. Nadhani nyote mwajua ukimya unaofuata jambo kama hilo. Hakuna aliyelaumu mwenziwe, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Tunalieleza kwa urefu kwa sababu vizibo hivi vimejaa madukani na ni vizuri kwa macho. Betri ya kifungo ikikwama kooni mwa mtoto haimzibi pumzi tu: umeme wake huunguza nyama ya koo, na katika muda wa saa mbili yaweza kumdhuru vibaya. Mtoto huenda asionyeshe ila kutokwa na mate, kukohoa au kukataa chakula. Anayeshukiwa kumeza apelekwe hospitali saa ile ile, wala asilazimishwe kutapika. Sisi tulivikusanya vizibo vyote kumi na kuvifungia kabatini, tukakaa na chupa zisizo na taa, zikiwa zimesalia siku tatu tu Idi ifike.

Ami ndiye aliyetupeleka kwa fundi wa nakshi za milango. Shauri lake lilikuwa jepesi: chupa itobolewe nyuma, karibu na kitako, waya upite hapo hadi kwenye kijisanduku cha betri za kawaida, zile za unene wa kidole, chenye kifuniko cha kufungwa kwa skrubu. Mtoto hawezi kukifungua, na betri kubwa hivyo haimezeki kwa urahisi. Fundi alikuwa na keekee ya betri na ncha ya almasi, lakini maisha yake yote alikuwa ametoboa mti. Tukampa zile mbili za buluu ajifunzie.

Ya kwanza ilipasuka. Aliikandamiza kama anavyokandamiza mbambakofi, na kioo hakikubali kukandamizwa. Ya pili akailaza juu ya kitambaa ndani ya karai, maji yakaifunika pale pa kutobolewa, akaiacha ncha izunguke polepole na kujilia yenyewe, naye amevaa miwani ya kukinga macho. Maji hupoza kioo na huzuia vumbi lake lisiingie kifuani. Karibu na mwisho akapunguza zaidi, maana pale ndipo chupa nyingi hufa. Tundu likatoka safi. Akalilainisha kwa msasa wa maji, akatuomba hiyo chupa aiweke dirishani pa karakana, nasi hatukuwa na neno. Katika zile kumi zetu alipoteza moja tu, ya Vimto. Mabaki ya mbambakofi akayachonga vizibo, kila kimoja na ua lake, akakataa kulipwa zaidi ya bei ya kutoboa.

Usiku wa kuamkia Idi, takbira zikisikika kutoka misikitini, tulizigawa. Mwalimu wa chuo alipata moja, majirani wanne mojamoja, shangazi, binamu, na fundi mwenyewe, ambaye sasa alikuwa na mbili. Ya mwisho, ya marashi, ilikuwa ya Bibi. Tuliondoa saa mbovu katika kidaka cha kati, tukaiweka pale, kijisanduku kikajificha nyuma, tukazima taa ya chumba.

Mwanga ulipanda kwenye chokaa na kila ua la nakshi likapata kivuli chake. Taa ilikuwa ndani ya kioo, na kioo ndani ya shubaka. Msomaji aijuaye Suratun-Nur hahitaji kuelezwa kwa nini Bibi alinyamaza, wala kwa nini Ami, ambaye hakosi la kusema, alinyamaza pia.

Kisha Bibi akainuka, akakivuta kizibo cha mti, akaweka pua mdomoni mwa chupa. Tulikuwa tumeiosha mara tatu.

"Yangali," akasema. Akakirudisha kizibo, akatuuliza jinsi ya kuzima, maana betri ni pesa, na akatuagiza Idi nyingine tumletee mbili kwa ajili ya dada yake wa Shela, lakini ziwe za marashi.